Jicho likichomwa na jani au ganda la mpunga: hatua za kufuata kabla fangasi hawajafika ndani

Msimu wa kuvuna mpunga ukianza Magu, Kwimba na Sengerema, maswali yanaanza kumiminika, na kila mwaka ni yaleyale. "Ganda la mpunga liliniruka jichoni wiki iliyopita, nimetia dawa ya duka, bado jekundu, nifanyeje?" "Mume wangu katokewa na doa jeupe kwenye jicho, ni mtoto wa jicho?" "Mama alilazwa muda mrefu akiwekewa dripu, karudi nyumbani, sasa analalamika anaona moshi." Watu hawa watatu hawafahamiani, lakini huenda wote wanasumbuliwa na fangasi.

Nadharia ni fupi. Mbele ya jicho kuna kioo angavu ambacho madaktari wanakiita konea. Kikikwaruzwa na kitu cha shambani, kama jani la muhindi, ganda la mpunga au kijiti cha pamba, vimelea vya fangasi wanaoishi kwenye mimea na udongo huingia kwenye mkwaruzo huo. Kwenye nchi za joto wanaotajwa sana ni Fusarium na Aspergillus. Wakiachwa hula kioo taratibu mpaka watoboe na kuingia ndani. Njia ya pili ni ya damu: fangasi aina ya Candida anasafiri kutoka kwenye mrija wa dripu au kwingineko mwilini, anatua nyuma ya jicho, na kwa nje unaweza usione kitu. Njia ya tatu ni kitu kilichotoboa jicho moja kwa moja, au upasuaji wa jicho uliopata maambukizi. Njia zote tatu zinaweza kuondoa uwezo wa kuona, na zote huja polepole. Hapo ndipo watu wanapodanganyika. Bakteria hulivuruga jicho kwa siku moja au mbili na mtu anakimbia hospitali mwenyewe, ila fangasi humpa mtu nafasi ya kusema "litapoa."

Kabla ya kuanza, weka hivi karibu

- Simu yenye tochi na kamera.
- Maji ya kunywa yaliyochemshwa na kupoa, au ya chupa ambayo haijafunguliwa. Maji ya ziwa hapana, hata kama ndiyo unayooga kila siku.
- Kikombe cha plastiki au karatasi, na plasta.
- Dawa zote zilizokwishatiwa jichoni, pamoja na boksi zake. Usizitupe hata kama zimeisha.
- Kadi ya bima kama unayo, kadi ya kliniki ya sukari au ya CTC (kliniki ya VVU) kama unahudhuria, na karatasi za hospitali kama ulilazwa au kupasuliwa karibuni.
- Mtu wa kukusindikiza. Utawekewa dawa ya kutanua mboni na utatoka huko unaona ukungu, kwa hiyo usitegemee kujiendesha na bodaboda yako.

Hatua ya 1: Hakikisha jicho halijatobolewa

Fanya hili kabla ya kutia hata tone la maji. Mwangaze mgonjwa kwa tochi kutoka ubavuni. Ukiona kitu kimechomekwa na kusimama, iwe ndoana, mwiba wa samaki au kipande cha chuma, au mboni imevutika upande mmoja kama tone la maji, au kuna ute unaotoka, usisuuze, usichomoe, usibonyeze. Weka kikombe juu ya jicho kiegemee mifupa inayolizunguka, kibandike kwa plasta, muende hospitali saa hiyohiyo. Mkifika ulizieni na chanjo ya pepopunda.

Wavuvi wa dagaa, hili linawahusu. Ndoana ikinasa jichoni, mwenzio kwenye mtumbwi atataka kukusaidia kuitoa. Mkatalie.

Hatua ya 2: Suuza, usisugue

Kama jicho ni zima na unachohisi ni mchanga tu, nawa mikono kwa sabuni, lala kiubavu jicho lililoumia likiwa chini, kisha mtu akumiminie maji yaliyopoa kuanzia pembe ya puani kwenda nje huku unapepesa kope. Ganda la mpunga lina tabia ya kujificha chini ya kope la juu na kung'ang'ania huko. Kama maji hayakulitoa, mtaalamu atakigeuza kikope na kulitoa kwa pamba. Usilichokonoe kwa njiti ya kiberiti wala kwa ncha ya khanga.

Chokaa, dawa ya kuulia wadudu wa pamba au tindikali ya betri ni jambo jingine. Hapo unasuuza papo hapo kwa maji yoyote safi yaliyo karibu, kwa nusu saa, huku safari ya hospitali ikiandaliwa.

Hatua ya 3: Pima unavyoona, uandike

Ziba jicho zima kwa kiganja bila kulibonyeza. Kwa jicho linaloumwa, angalia kalenda ya ukutani au maandishi ya duka la jirani. Andika siku, saa, na ulichoweza kusoma. Rudia asubuhi na jioni, ukisimama palepale. Piga picha ya jicho mchana, dirishani, bila kuwasha taa ya simu.

Kipimo hiki hakigharimu kitu, na wengi hukiruka. Mtu anayeona kwa jicho moja zima anaweza kukaa siku nyingi bila kujua kwamba la pili limezimika.

Hatua ya 4: Amua kwa saa, usisubiri maumivu yazidi

Mkwaruzo mdogo usio na maambukizi kwa kawaida hupata nafuu ndani ya siku moja au mbili. Kwa hiyo, baada ya kuumizwa na kitu cha mmea:

- Saa 24 zimepita na bado linauma, linatoa machozi au linaogopa mwanga: nenda ukaonwe.
- Kuna doa jeupe au la kijivu kwenye sehemu nyeusi ya jicho: nenda leo. Mtoto wa jicho yuko ndani, nyuma ya mboni, na hana uchungu. Doa lililoko juu ya kioo, lenye wekundu na maumivu, ni kidonda.
- Kuna mstari mweupe umetuama chini, nyuma ya kioo, kama maziwa yaliyoganda chini ya glasi: huo ni usaha ndani ya jicho. Usisubiri kuche.

Kwa asiyeumizwa na kitu, angalia dalili nyingine. Kama hivi karibuni alilazwa akawekewa dripu siku nyingi, alitumia antibayotiki kali, ana kisukari kisichotulia, kinga yake imeshuka, au amefanyiwa upasuaji wa jicho, kisha akaanza kuona ukungu, vidoa vyeusi vinavyoelea, au maumivu ya chini chini yasiyokwisha, aende kwa daktari wa macho hata kama jicho ni jeupe pee. Huyu ndiye anayechelewa kuliko wote, maana hana cha kuwaonyesha watu.

Hatua ya 5: Soma chupa kabla ya kutia chochote

Hapa ndipo macho mengi yanapopotelea. Mtu anaingia duka la dawa: "Dada, naomba dawa ya jicho jekundu." Anapewa kichupa kidogo, analipa, anaondoka. Kesho yake wekundu umepungua, maumivu yametulia, anamsifu aliyempa. Wiki ya pili kioo kimekuwa cheupe.

Dawa nyingi za aina hiyo zina antibayotiki iliyochanganywa na steroidi. Steroidi hutuliza wekundu kwa kuwazuia askari wa mwili, na fangasi wanabaki uwanjani peke yao. Shika boksi, soma majina yaliyoandikwa kwa herufi ndogo. Ukikuta jina linaloishia na *-sone* au *-lone*, kama dexamethasone, betamethasone, hydrocortisone au prednisolone, irudishe. Steroidi ina kazi yake kwenye macho, lakini ni kazi ya daktari aliyekwisha kulitazama jicho kwa darubini.

Antibayotiki tupu, kama kloramfenikoli au jentamaisini, haiui fangasi. Haina madhara ya steroidi, na mhudumu wa afya anaweza kukuanzishia baada ya mkwaruzo, ila isikutulize ukaahirisha safari. Na vidonge vya flukonazoli, ambavyo watu wengi wanavijua kwa fangasi wa ukeni na mdomoni, haviwezi Aspergillus, na kwa Fusarium huwa havifui dafu. Usijitibu navyo.

Maziwa ya mama, mkojo, maji ya sukari, majani yaliyotwangwa: nayajua yote, na najua yanatolewa kwa upendo na bibi zetu. Usitie. Kidonda kilichoanza na mkwaruzo mmoja kinaongezewa wadudu wengine, na majani yenyewe yanaweza kuwa yamebeba fangasi.

Hatua ya 6: Nenda panapoweza kukwanguliwa

Zahanati itakusaidia kwa huduma ya kwanza na barua ya rufaa, na barua hiyo ni muhimu, hasa kwa mwenye bima. Lakini safari isiishie hapo. Unachotafuta ni mahali penye mtaalamu wa macho, darubini ya macho na maabara. Kwa mkoa wetu wa Mwanza, majina ya kuulizia ni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Sekou Toure na Hospitali ya Rufaa ya Kanda Bugando. Wa Sengerema na Geita sasa wanavuka kwa daraja la Kigongo–Busisi bila kusubiri kivuko. Wa Ukerewe bado mnategemea ratiba ya meli na kivuko, hivyo ukiona doa jeupe jioni, mkoba uwe umefungwa usiku huo ili usikose chombo cha kwanza.

Hatua ya 7: Ukiwa mbele ya daktari, sema mambo manne

Nini kilikugonga, lini, umetia nini, na una magonjwa gani mengine. Sema hata dawa za kienyeji. Hakuna anayekuja hospitali kugombezwa, na ukigombezwa, vumilia, useme vilevile. Neno "jani" au "mpunga" peke yake linaweza kubadilisha matibabu yote, maana ndilo linalomfanya daktari awafikirie fangasi.

Kisha utaweka kidevu kwenye darubini. Utatiwa rangi ya njano ambayo kwenye mwanga wa bluu hung'aa kijani pale kioo kilipochubuka. Kidonda cha fangasi mara nyingi huwa na kingo zenye manyoya manyoya, na wakati mwingine vidoa vidogo vimekizunguka. Kwa macho peke yake, hata bingwa anaweza kukifananisha na cha bakteria, kwa hiyo uliza kwa heshima: "Daktari, inawezekana kukwangua ili tujue ni wadudu gani?"

Kukwangua kunatisha kwa jina tu. Unatiwa ganzi ya matone, kidonda kinaparuzwa kidogo kwa kisu chembamba, na uchafu unapakwa kwenye kioo cha maabara. Kwa kemikali ya potasiamu haidroksaidi, nyuzi za fangasi huweza kuonekana siku hiyohiyo. Kuotesha huchukua siku kadhaa, pengine wiki mbili. Usiombe ile ganzi uende nayo nyumbani, hata kama imekupa raha ya ajabu. Ikitumika mara kwa mara huharibu kioo.

Hatua ya 8: Kutia matone, usiku na mchana

Dawa ya kwanza kwa fangasi wa konea wa aina ya nyuzi, kama Fusarium na Aspergillus, ni matone ya natamaisini ya asilimia 5. Jaribio kubwa la India lililochapishwa 2013 liliilinganisha na vorikonazoli ya matone. Natamaisini ikashinda, hasa kwa Fusarium. Jaribio la Nepal la 2022 liliilinganisha na kloheksidini ya asilimia 0.2, ikashinda tena. Imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2017, lakini usitarajie kuikuta kila duka la Mwanza. Piga simu kabla ya kupanda daladala. Ikikosekana kabisa, daktari ana njia nyingine, na kloheksidini iliyoandaliwa kwa ajili ya macho ni mojawapo. Usije ukachukua dawa ya kusafishia vidonda ukaizimua nyumbani. Utaunguza jicho.

Mwanzoni dozi huwa kila saa moja, mara nyingi pamoja na usiku, kisha hupunguzwa kadiri daktari anavyoona. Fanya hivi:

1. Weka kengele za simu. Gawaneni zamu za usiku na ndugu, la sivyo usiku wa pili mtalala wote.
2. Nawa mikono.
3. Tikisa chupa vizuri. Natamaisini hutuama chini kama uji mwepesi. Usipotikisa, unajitia maji ya juu na dawa inabaki kwenye kitako.
4. Vuta kope la chini liwe mfuko. Angalia juu. Tone moja linatosha. La pili litatiririka shavuni na pesa yako pamoja nalo.
5. Ncha ya chupa isiguse kope wala kidole.
6. Funga jicho bila kulikaza, bonyeza pembe ya puani kwa dakika moja au mbili.
7. Kama kuna dawa ya pili, subiri dakika tano.

Natamaisini huacha utando mweupe juu ya kidonda. Watu hupiga simu usiku wakilia kwamba doa limekua. Huenda ni dawa yenyewe imeganda. Usiikwangue, daktari ndiye atakayetofautisha.

Hifadhi chupa mahali pa baridi, mbali na dirisha la jua na bati. Usifunge jicho kwa bandeji. Giza na joto chini yake vinawapendeza wadudu. Miwani ya jua inatosha.

Hatua ya 9: Kama wameshafika ndani

Natamaisini haipenyi sana. Maambukizi yakiwa ndani, daktari akishindwa kuona nyuma ya jicho hutumia kipimo cha mawimbi ya sauti, kisha huweza kuchoma sindano ya dawa kama amfoterisini B au vorikonazoli ndani ya jicho lenyewe. Ndiyo, ndani ya jicho. Unatiwa ganzi kwanza. Sampuli ya ute huchukuliwa, na pengine utahitajika upasuaji wa kuondoa ute ulioambukizwa, jambo linaloweza kudai rufaa kwa bingwa wa retina (pazia la nyuma ya jicho) nje ya mkoa. Kama chanzo ni damu, mwili wote utachunguzwa na kutibiwa. Jicho ni dirisha tu hapo.

Muulize daktari wazi: "Tunaokoa kuona, au tunaokoa jicho?" Majibu hutofautiana, na ni haki yako kuyajua kabla ya kutia saini.

Hatua ya 10: Usiache dawa kwa sababu maumivu yameisha

Tiba huchukua wiki nyingi, mara nyingine miezi. Rudi kila tarehe uliyopewa, na daftari lako la hatua ya 3. Fangasi waliobaki chini ya ngozi mpya ya kioo huibuka tena ukiacha mapema.

Mambo yakienda kombo

*Siku ya tatu ya matone na sioni nafuu.* Kawaida kabisa. Fangasi hawafi haraka. Dalili njema za mwanzo ni maumivu kupungua na kingo za kidonda kuacha kutanuka. Ila doa likipanuka, usaha ukiongezeka au uwezo wa kusoma kalenda ukishuka, rudi bila kusubiri tarehe.

*Ghafla maji ya moto yametiririka na maumivu yamepungua.* Hii si nafuu. Huenda kioo kimetoboka. Weka kikombe kama hatua ya 1, nenda sasa hivi.

*Dawa imeisha na hakuna dukani.* Leo hii piga simu kliniki uliyotibiwa, na uwaeleze tone la mwisho ulitia lini. Usijaze pengo kwa ile ya steroidi iliyobaki kabatini.

*Nimekwisha kutumia steroidi wiki nzima.* Mwambie daktari jina na siku. Yeye ndiye ataamua jinsi ya kuiacha, hasa kama uliandikiwa kwa ugonjwa mwingine.

*Kidonda kimepona lakini naona ukungu.* Hilo ni kovu. Dogo la pembeni halisumbui. La katikati linaziba njia ya mwanga. Subiri jicho litulie kwa miezi, kisha uliza kuhusu miwani, na kuhusu kupandikizwa konea, ambako si kwa kila hospitali.

*Nitawaambukiza watoto?* Kwa kawaida ugonjwa huu hauhami kwa kutazamana wala kulala chumba kimoja. Ila chupa ya dawa ni ya mtu mmoja.

*Lini narudi kupura mpunga?* Daktari akikuruhusu. Nunua miwani ya kazi ya plastiki, ile ya mafundi wa kuchomelea iliyo wazi na yenye mbavu za kuziba pembeni. Itaingia ukungu kwa jasho; isugue kwa tone la sabuni ya maji na uikaushe kabla ya kuvaa. Na wakati wa kupepeta, simama upande upepo unakotoka, watoto wakae nyuma yako.